Hakimu na jaji: Maana ya maneno haya na uzito wa anayesikiliza kesi kwa mara ya kwanza

MSOMAJI wa magazeti amekwishazoea habari ya namna hii: mtuhumiwa wa mauaji amefikishwa mbele ya hakimu mkazi, amesomewa mashitaka, na hakutakiwa kujibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri lake. Upande wa mashitaka unaeleza kuwa upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa, na mtuhumiwa anarudishwa rumande.

Ndugu waliofika mahakamani tangu alfajiri hutoka wakinung'unika. Wapo wanaodhani kuwa hakimu amemziba mdomo kijana wao kwa makusudi. Wapo wanaoamini kuwa kesi imekwisha kuamuliwa. Wengine hutoka wakimtafuta karani ili wajue "jaji" amesema nini, ilhali siku hiyo hawakumwona jaji yeyote.

Ukweli ni kwamba waliyemwona ni hakimu, na katika shauri la aina hiyo hakimu huyo siye atakayeamua hatima ya mtuhumiwa. Tofauti ya maneno hakimu na jaji, ambayo katika mazungumzo ya barazani hupuuzwa, ndiyo inayoamua nani anaweza kumsikiliza mtu, adhabu gani anaweza kumpa, na rufani itakwenda wapi. Makala haya yanaeleza maana ya maneno hayo, matumizi yake katika sheria za Tanzania na majirani zake, na sababu ya mwananchi kutakiwa kumfahamu vyema yule anayesikiliza shauri lake kwa mara ya kwanza.

Asili ya maneno

Neno hakimu limetokana na Kiarabu. Katika lugha hiyo mzizi wa herufi tatu, h-k-m, umezaa maneno mengi ambayo Kiswahili kimeyapokea: hukumu, yaani uamuzi, mahakama, yaani mahali pa kutolea hukumu, hekima, yaani busara, na hakimu mwenyewe. Kwa hiyo anaposimama mtu mbele ya hakimu aliyeketi mahakamani, akasubiri hukumu na kutumaini hekima, ametaja neno moja kwa sura nne.

Kabla ya utawala wa Waingereza, neno lililotawala katika pwani yetu kwa mtu anayeamua mashauri lilikuwa kadhi, nalo pia ni la Kiarabu. Katika dola ya Zanzibar ya karne ya 19 walikuwapo makadhi wa madhehebu ya Shafi na wa Ibadhi. Neno hilo lilikuwa pana kiasi kwamba hata tafsiri ya Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, katika mfano wa mjane na mwamuzi dhalimu uliomo katika Injili ya Luka, inamwita mwamuzi huyo kadhi. Kitabu cha Agano la Kale kinachosimulia viongozi wa Israeli kabla ya wafalme, nacho, kinaitwa Waamuzi.

Kwa upande wa bara, Wajerumani walipotawala walilikuta neno shauri. Mkuu wa wilaya alikaa siku maalumu kusikiliza mashauri ya watu, na neno hilo likaingia hata katika maandishi ya Wajerumani wenyewe. Hadi leo wanasheria wetu husema shauri pale ambapo mtu wa mtaani husema kesi.

Neno jaji ni geni kuliko yote. Limetoka katika Kiingereza na lilikuja pamoja na mahakama kuu za kikoloni. Mahakama Kuu ya Tanganyika iliundwa kwa amri ya Uingereza ya mwaka 1920, nayo ndiyo iliyoleta cheo cha jaji katika nchi hii. Chini yake waliwekwa watumishi wa mahakama za ngazi ya chini, na kwao likabaki neno la zamani, hakimu. Hivyo neno ambalo kwa asili lilikuwa na maana ya kila mwenye kuhukumu likapunguzwa upana na kuwa cheo cha ngazi fulani tu.

Hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia. Katika Kiswahili cha kawaida hakimu ni yeyote anayehukumu, awe jaji, kadhi au mzee wa ukoo. Katika Kiswahili cha sheria, hakimu si jaji na jaji si hakimu.

Hakimu ni nani kisheria

Tanzania Bara mahakimu hufanya kazi chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1963. Ile ya mwaka 1963 ndiyo iliyofuta utaratibu wa kikoloni wa kuwa na mahakama za wenyeji kando ya mahakama za serikali, ikaunganisha zote katika mfumo mmoja.

Chini kabisa ipo Mahakama ya Mwanzo, ambayo kwa wananchi wengi ndiyo mahakama pekee watakayoiona maishani mwao. Hapo hushughulikiwa ugomvi wa majirani, wizi mdogo mdogo, madai, mirathi na ndoa za kimila na za Kiislamu. Kwa makosa ya jinai, kifungo ambacho hakimu wa Mahakama ya Mwanzo anaweza kukitoa kwa kawaida hakizidi miezi 12. Kwa miongo mingi hakimu huyo hakuketi peke yake: aliketi na washauri wasiopungua wawili, ambao wananchi huwaita wazee wa baraza, na kura ya kila mmoja wao ilihesabiwa sawa na ya hakimu.

Juu yake ipo Mahakama ya Wilaya, na sambamba nayo ipo Mahakama ya Hakimu Mkazi, ambayo kwa kawaida hukaa makao makuu ya mkoa. Cheo cha hakimu mkazi ni tafsiri ya cheo cha Kiingereza kilichotumika katika milki za Waingereza kwa hakimu aliyepangiwa kukaa katika eneo lake la kazi. Siku hizi haimaanishi kwamba wengine si wakazi. Ni jina la cheo cha hakimu mwenye shahada ya sheria.

Msomaji hukutana pia na neno mfawidhi. Hakimu mkazi mfawidhi ni yule aliyekabidhiwa usimamizi wa mahakama husika: ndiye anayewagawia mahakimu wenzake mafaili na kusimamia shughuli za ofisi. Ufawidhi ni wadhifa wa uongozi. Haumpi mamlaka ya kumwelekeza hakimu mwenzake namna ya kuamua shauri lililo mbele yake.

Isidhaniwe kuwa hakimu ni mtu mdogo. Kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha, ambalo adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30, husikilizwa na hakimu. Mashauri ya ubakaji wa watoto, ambayo baadhi huishia katika kifungo cha maisha, husikilizwa na hakimu. Idadi kubwa ya wafungwa waliomo magerezani mwetu hawajapata kumwona jaji ana kwa ana. Aliyewatia hatiani ni hakimu.

Jaji ni nani

Jaji anatajwa na Katiba yenyewe. Majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na anayeteuliwa hutakiwa kuwa na sifa maalumu za kisheria kwa muda usiopungua miaka 10. Mahakimu, kwa upande wao, huajiriwa na kusimamiwa na Tume hiyo.

Ulinzi wao nao ni tofauti. Jaji hawezi kuondolewa kazini kwa barua ya mkuu wake. Katiba inataka iundwe tume maalumu ya kuchunguza tuhuma zake, yenye wajumbe wasiopungua watatu, na angalau nusu yao wawe majaji au watu waliopata kuwa majaji katika nchi za Jumuiya ya Madola. Sababu ya ulinzi huo ni kumwezesha kuamua hata dhidi ya Serikali bila ya kuhofia mkate wake.

Majaji nao wana ngazi. Jaji Mkuu ni kiongozi wa Mahakama yote ya Tanzania. Jaji Kiongozi ni kiongozi wa Mahakama Kuu. Jaji mfawidhi husimamia kanda au divisheni ya Mahakama Kuu. Jaji wa Rufani huketi katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na mahakama ya rufani ya pamoja kutoweka.

Katika orodha hii ni jaji wa Mahakama Kuu pekee ambaye kwa kawaida husikiliza mashahidi. Majaji wa Rufani, ambao huketi katika jopo lisilopungua watatu, husoma kumbukumbu za mashauri yaliyokwisha kusikilizwa na wengine.

Kwa nini mtuhumiwa wa mauaji hakutakiwa kujibu

Turudi sasa kwa ndugu wanaonung'unika. Kosa la mauaji na lile la uhaini husikilizwa na Mahakama Kuu. Hata hivyo, mtuhumiwa hawezi kufikishwa moja kwa moja mbele ya jaji. Kwanza hupelekwa kwa hakimu, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtu huyo anafahamu tuhuma zake na kwamba anashikiliwa kisheria. Upelelezi ukikamilika, hakimu humsomea maelezo ya mashahidi na orodha ya vielelezo, kisha humpeleka Mahakama Kuu, ambako jaji hulisikiliza shauri katika vikao vinavyopangwa.

Katika hatua hiyo hakimu hamuulizi mtuhumiwa iwapo anakiri au anakana, kwa sababu jibu lolote lingetolewa mbele ya mtu asiye na mamlaka ya kulipokea. Kunyamazishwa kule, kwa hiyo, ni kinga: kunamhifadhia mtuhumiwa neno lake hadi atakapomfikia mwenye mamlaka. Tatizo halisi ni muda unaopita katikati, kwani makosa hayo hayana dhamana, na mtu anaweza kukaa mahabusu miaka kadhaa kabla ya kusimama mbele ya jaji.

Ili kupunguza mrundikano huo, sheria imeweka njia ya katikati. Hakimu mkazi anaweza kupewa mamlaka ya ziada kwa amri inayotangazwa katika Gazeti la Serikali, na Mahakama Kuu ikamhamishia shauri ambalo kwa kawaida lingesikilizwa na jaji. Hakimu wa namna hiyo hubaki hakimu kwa cheo, lakini katika shauri hilo hukumu yake huhesabiwa kama ya Mahakama Kuu na rufani yake huenda moja kwa moja Mahakama ya Rufani. Amri ya kulihamisha shauri isipokuwapo, kazi yote inaweza kubatilishwa, kwa kuwa aliyehukumu hakuwa na mamlaka hata kama alihukumu kwa haki.

Zanzibar na Kenya

Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na Jaji Mkuu wake, na ina pia mahakama za kadhi zilizo ndani ya mfumo wa dola. Kwa mashauri mengine rufani hufika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, lakini mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi na yale ya tafsiri ya Katiba ya Zanzibar huishia visiwani humo. Tanzania Bara, kadhi si ofisa wa Mahakama; uamuzi wake unategemea hiari ya waumini wanaokwenda kwake.

Kenya inatumia maneno yale yale, ila mipaka yake imepangwa tofauti. Katiba ya mwaka 2010 imewataja majaji wa mahakama za juu, yaani Mahakama ya Juu, Mahakama ya Rufaa, Mahakama Kuu na mahakama mbili maalumu zenye hadhi sawa na Mahakama Kuu: ile ya ajira na kazi, na ile ya mazingira na ardhi. Chini yake zipo mahakama za mahakimu, za makadhi na za kijeshi. Kadhi wa Kenya husikiliza masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kusikilizwa naye.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya Kenya ya mwaka 2015 imepanga mahakimu kwa viwango vya fedha katika mashauri ya madai: hakimu mkazi hadi Sh5 milioni za Kenya, na hakimu mkuu hadi Sh20 milioni. Katika jinai, kosa la mauaji husikilizwa na jaji kama ilivyo Tanzania. Lakini wizi wa kimabavu, ambao katika sheria ya Kenya adhabu yake ni kifo, husikilizwa na hakimu. Hakimu wa Kenya anaweza kutamka adhabu ambayo mwenzake wa Tanzania hana uwezo wa kuitamka bila ya mamlaka ya ziada. Kwa hiyo anayesoma habari za Nairobi akiwa Dar es Salaam asichukulie kuwa neno moja lina uzito mmoja pande zote mbili za mpaka.

Anayemwona shahidi

Pamoja na tofauti zote hizo, hakimu na jaji wa Mahakama Kuu wana jambo moja linalowaunganisha na kuwatenga na wakubwa wao wa rufani: wao ndio wanaosikiliza shauri kwa mara ya kwanza. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa mtu huyu. Wanasheria husema hakimu aliyesikiliza shauri, au mahakama ya awali. Maneno ni mepesi, lakini yamebeba kanuni nzito.

Hakimu aliyesikiliza shauri amemwona shahidi kwa macho yake. Ameona alivyojibu swali gumu, alivyosita, alivyokazia neno au kulikwepa. Majaji wa rufani hawayaoni hayo. Wao wanasoma karatasi. Ndiyo maana Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika uamuzi wa mwaka 1958 ambao hadi leo unarejewa Kenya na Tanzania, ilieleza kwamba mahakama ya rufani ina uwezo wa kupitia upya ushahidi, lakini iutumie uwezo huo kwa tahadhari, kwa kuwa haikuwaona wala kuwasikia mashahidi. Mwaka 1972 mahakama hiyo iliongeza upande wa pili wa kanuni: mwenye rufani ya kwanza ana haki ya kuona ushahidi wote ukipimwa upya na mahakama hiyo kufikia maamuzi yake yenyewe, huku ikizingatia upungufu huo wa kutowaona mashahidi.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo imefafanua kuwa mamlaka ya pekee ya hakimu aliyesikiliza shauri ni juu ya mwonekano na mwenendo wa shahidi alipokuwa kizimbani. Iwapo maneno ya shahidi yanapingana yenyewe, au yanapingana na ya mashahidi wengine, hilo linaweza kuonekana hata katika karatasi na mahakama yoyote ya juu inaweza kulisahihisha.

Maana ya kanuni hii kwa mwananchi ni kubwa. Wapo wanaokwenda katika shauri la kwanza bila ya maandalizi, wakijifariji kuwa mambo yakiharibika watakata rufani na kueleza yote mbele ya jaji. Wanakuja kugundua kuwa katika rufani haitwi shahidi tena, isipokuwa kwa ruhusa ya nadra sana, na kwamba swali ambalo hawakumuuliza shahidi mbele ya hakimu haliulizwi tena. Shahidi ambaye hukumhoji katika jambo fulani huchukuliwa kuwa umekubali aliyoyasema katika jambo hilo.

Suala la lugha

Lipo jambo lingine lililomwongezea uzito hakimu aliyesikiliza shauri. Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikitumia Kiswahili katika mazungumzo na katika kumbukumbu zake. Lakini kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu, kwa miaka mingi shahidi alizungumza Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Hivyo hakimu alikuwa pia mkalimani. Neno la shahidi lililokuwa na maana mbili lilifika Mahakama ya Rufani likiwa na maana moja, ile aliyoichagua mwandishi.

Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha Sheria ya Tafsiri za Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale maslahi ya haki yanapolazimu. Mapema mwaka huo, Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Kanda ya Musoma, aliteuliwa kuwa Jaji wa Rufani, na Rais John Magufuli alieleza hadharani kuwa alifurahishwa na hatua yake ya kuandika uamuzi kwa Kiswahili. Kwa mtu aliye kizimbani, mabadiliko hayo yana maana kwamba anaweza kusoma mwenyewe kilichoandikwa kuwa amekisema.

Hakimu anapobadilika katikati ya kesi

Kwa kuwa kumwona shahidi ni jambo zito, sheria haipendi shauri lianzwe na hakimu mmoja na kumalizwa na mwingine. Lakini mahakimu huhamishwa, huugua, hustaafu na hufariki dunia. Sheria za Tanzania na Kenya zinaruhusu hakimu mwingine kuendelea na shauri kutoka pale lilipofikia, ila kwa masharti.

Nchini Tanzania, Mahakama ya Rufani imesisitiza mara kwa mara kwamba sababu ya mabadiliko hayo lazima iandikwe katika kumbukumbu. Pasipoandikwa sababu, mwenendo wa hakimu wa pili unaweza kufutwa. Nchini Kenya, hakimu anayepokea shauri anatakiwa kumweleza mshitakiwa haki yake ya kutaka mashahidi waitwe tena. Shauri likifutwa kwa kasoro ya namna hii, anayeumia ni mshitakiwa aliyekwisha kukaa gerezani miaka kadhaa, na pia mlalamikaji ambaye atatakiwa kuja kusimulia upya machungu aliyotaka kuyasahau.

Wasioitwa hakimu wala jaji

Si kila anayeamua mgogoro ni hakimu. Anayeongoza Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya huitwa mwenyekiti. Katika migogoro ya kazi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina msuluhishi, ambaye huzipatanisha pande mbili, na mwamuzi, ambaye hutoa tuzo wasipopatana. Mwamuzi ni pia mpuliza filimbi wa mpira wa miguu, na majaji ni pia wale wanaotoa alama katika mashindano ya urembo na ya kuimba. Matumizi hayo si makosa, mradi msomaji ajue kuwa hayana uhusiano na cheo cha mahakama.

Katika habari za nje, magazeti yetu huandika jaji kwa kila anayesikiliza kesi Marekani. Hilo linafaa kwa sehemu kubwa, kwani huko hata wa mahakama za chini wengi hubeba cheo hicho. Kwa habari za Uingereza na nchi zilizorithi mfumo wake, mwandishi hana budi kutazama kwanza ni mahakama ya ngazi gani.

Mahakamani, wote wawili huitwa Mheshimiwa: Mheshimiwa Hakimu, au Mheshimiwa Jaji. Maneno haya hayabadiliki kwa jinsia. Mwanamke ni hakimu au jaji kama alivyo mwanamume, na wingi wake ni mahakimu na majaji. Kwa mwandishi wa habari, kumwita hakimu jaji ni kosa la taarifa linalomfanya msomaji aamini kuwa shauri limefika mahali ambapo halijafika.

Hukumu, uamuzi na adhabu

Maneno matatu yanayotoka kinywani mwa hakimu nayo huchanganywa. Uamuzi mdogo ni ule unaotolewa njiani, kwa mfano juu ya dhamana, au juu ya iwapo mshitakiwa ana kesi ya kujibu baada ya upande wa mashitaka kufunga ushahidi wake. Kuambiwa kuwa una kesi ya kujibu si kutiwa hatiani. Ni kuambiwa kuwa ushahidi uliotolewa unatosha kukutaka ujitetee.

Hukumu ni uamuzi wa mwisho unaoeleza iwapo mshitakiwa ana hatia. Sheria inamtaka hakimu aandike masuala yaliyobishaniwa, uamuzi wake na sababu za uamuzi huo, kisha atie saini na tarehe na kuisoma katika mahakama ya wazi. Adhabu hufuata baadaye, pale tu anapopatikana na hatia. Kwa hiyo mtu aliyeachiwa huru naye amepewa hukumu, ingawa mitaani neno kuhukumiwa limekuwa na maana ya kufungwa tu.

Mambo ya kuzingatia

Mwenye shauri anapofika mahakamani kwa mara ya kwanza, aulize mambo matatu: hii ni mahakama ya ngazi gani, anayeketi hapa ni hakimu au jaji, na je, ana mamlaka ya kulisikiliza shauri hili hadi mwisho. Karani wa mahakama anapaswa kumjibu, na kuuliza si utovu wa heshima.

Iwapo ana sababu ya kweli ya kuamini kuwa hakimu hawezi kumtendea haki, kwa mfano ni ndugu wa mdai, aombe hakimu ajitoe, tena aombe mapema na kwa sababu zilizo wazi. Watu husema kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Lakini hakimu hajitoi kwa sababu tu mtu hakupendezwa na uamuzi wake wa jana.

Atofautishe pia rufani na malalamiko. Hakimu aliyekosea katika kuitafsiri sheria au kuupima ushahidi husahihishwa kwa rufani. Hakimu anayedai rushwa au kutoa lugha chafu hulalamikiwa katika kamati za maadili ya maofisa wa mahakama zilizopo ngazi ya mkoa na wilaya, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011. Malalamiko hayo hayabadilishi hukumu. Wengi wamepoteza muda wa rufani wakisubiri majibu ya barua za malalamiko.

Na muda huo ni mfupi. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya, rufani hukatwa ndani ya siku 30. Katika jinai iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, aliyetiwa hatiani hutakiwa kutoa kusudio la kukata rufani ndani ya siku 10, na rufani yenyewe kuwasilishwa ndani ya siku 45.

Lakini zaidi ya yote, asiiweke akiba hoja yake kwa ajili ya rufani. Shahidi wake amlete mbele ya hakimu huyu, swali lake amuulize shahidi wa upande wa pili siku hii, na kielelezo chake akitoe sasa. Majaji wa juu wataisoma kesi yake kama hakimu alivyoiandika. Aliyeisikia ni mmoja tu, naye ndiye huyu aliyeketi mbele yake leo.